Mikoba ya Wong Fei-hung

Katika tamthilia za ngumi za Kikantoni, tukio linalonishika kuliko mapigano yote ni lile la kikombe cha chai. Kijana anapiga magoti, anakishika kikombe kwa mikono miwili, anakiinua mpaka usawa wa paji la uso na kumtolea mwalimu. Nyuma ya mwalimu kuna madhabahu: vibao vya majina ya waliotangulia, ubani unafuka, na Kwan Kung, jemadari wa kale mwenye uso mwekundu ambaye Wakantoni humfanya shahidi wa viapo. Mwalimu akipokea na kunywa, kijana amepata baba. Kuanzia hapo mke wa mwalimu ni mama yake, wanafunzi waliomtangulia ni kaka zake hata kama kiumri ni wadogo kwake, na msiba wa nyumba ile ni msiba wake. Asipopokea, kijana awe na nguvu kiasi gani, bado ni mpita njia.

Nililifikiria sana jambo hilo nilipokuwa natazama Grace Under Fire, tamthilia ya kituo cha TVB cha Hong Kong iliyorushwa mwaka 2011. Inatokana na maisha ya Mok Kwai-lan, mke wa mwisho wa Wong Fei-hung. Mume hana haja ya kutambulishwa kwa yeyote aliyewahi kubanana kwenye benchi la kibanda umiza: ndiye yule mwalimu wa Canton, mji wa kusini mwa China unaoitwa leo Guangzhou, aliyeigizwa na Jet Li kuanzia mwaka 1991, miguu haigusi chini, mwavuli mkononi. Mke hajulikani. Tamthilia inamtoa kivulini, na nafasi yake amepewa Liu Xuan, mwanajimnastiki aliyeichukulia China medali ya dhahabu katika mashindano ya juu ya boriti kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000.

Tamthilia za aina hii, ukizitazama kwa utulivu, zinahusu urithi kuliko zinavyohusu ngumi. Kinachozisukuma kutoka sehemu moja hadi nyingine ni swali la nani atarithi mikoba ya mwalimu. Na historia ya kweli ya walimu wa Canton na Foshan inalijibu swali hilo kwa namna ambayo watunzi wenyewe mara nyingi wanaikwepa: mikoba haikwenda kwa damu. Ilikwenda kwa muuza nyama ya nguruwe, kwa mbadilisha fedha wa sokoni, na kwa mjane.

Tuanze na Wong mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1847 katika eneo la Foshan, mkoa wa Guangdong, mtoto wa Wong Kei-ying, mmoja wa walimu kumi walioitwa Simbamarara Kumi wa Canton. Baba alimfundisha mwana, na mpaka hapo mstari umenyooka kama vitabu vya ukoo vinavyopenda. Alipokuwa mtu mzima akafungua Po Chi Lam, nyumba ya dawa na ya kuunga mifupa mjini Canton. Alioa, akafiwa na mke, akaoa tena, akafiwa tena, mpaka wake watatu wakamtangulia kaburini. Mwanawe Hon-sum, ambaye alikuwa amemrithisha ngumi zake, akauawa na hasimu. Inasimuliwa kwamba baada ya msiba ule mzee alikataa kuwafundisha wanawe waliobaki.

Hapo ndipo pa kusimama. Huyu ni mtu ambaye mji mzima ulikuwa unamheshimu kwa kile alichokijua, naye akaamua kwamba kile kile ndicho kitakachowaua watoto wake. Akawanyima kwa kuwapenda. Wanafunzi, ambao hawakutoka tumboni kwa wake zake, ndio waliopewa. Kila mara naona ajabu kwamba watunzi wa filamu wametengeneza mamia ya mapambano ya Wong Fei-hung na wakorofi, lakini uamuzi huu mmoja, wa baba mwenye huzuni anayefunga mlango wa urithi wake mwenyewe, unapita kwa haraka au haupiti kabisa. Ningekaa sehemu kumi nzima nikiutazama.

Mwanafunzi aliyebeba sehemu kubwa ya mzigo ni Lam Sai-wing, aliyekuwa mchinjaji na muuza nyama ya nguruwe, na jina la utani la kazi hiyo lilimfuata mpaka leo. Kupitia kwake ngumi za Wong ziliandikwa vitabuni na kufika Hong Kong. Mwanafunzi wa Lam, Chu Yu-chai, ndiye aliyeandika hadithi za Wong Fei-hung ambazo magazeti na redio vilizieneza, na kutoka hapo zikazaliwa filamu. Kwan Tak-hing alianza kumwigiza Wong mwaka 1949 na akaendelea mpaka filamu zikapita sabini. Kwa hiyo hata umaarufu wa Wong, yaani jina lenyewe tunalolijua, umetoka kwa mjukuu wa kufundishwa. Wanawe wa kuzaa wangeachiwa kazi hiyo, mimi na wewe tusingemsikia.

Sasa tuje kwa Mok Kwai-lan. Kisa cha kukutana kwao kinasimuliwa hivi: mzee alikuwa anaonyesha ngumi hadharani, kiatu kikamtoka mguuni alipopiga teke, kikaruka mpaka kwa watazamaji na kumpiga binti mmoja usoni. Binti akapanda jukwaani akamzaba kofi mbele ya watu. Alimwambia kwamba mtu mwenye jina kama lake hana ruhusa ya kuwa mzembe; leo kiatu, je, ingekuwa silaha? Binti alikuwa Mok, aliyelelewa kwa ndugu zake na kufundishwa ngumi za ukoo wake. Mzee, aliyekuwa amemzidi umri kwa zaidi ya miaka arobaini, badala ya kukasirika alimtafuta, na baadaye akamchukua. Hakumchukua kwa cheo cha mke mkuu, kwa sababu aliamini kwamba cheo hicho kiliwaua watatu waliotangulia. Akamweka kama mke mdogo ilhali hapakuwa na mkubwa.

Sioni haja ya kukipamba kisa hiki, wala sidhani tunalazimika kukifurahia chote. Tofauti ile ya umri inasumbua, na cheo kile cha pembeni kilikuwa na maana yake mezani, kwenye matambiko, na siku ya kugawa mali. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo tamthilia imelishika vizuri: mwanamke huyu aliingia katika nyumba ya mwalimu akiwa na elimu yake mkononi. Ngumi za kusini mwa China zimepewa majina ya koo, na wenyeji huzihesabu tano kwa utaratibu: Hung, Lau, Choy, Lei, Mok. Wong Fei-hung alikuwa wa Hung, ukoo wa kwanza katika hesabu hiyo. Mkewe alikuja na Mok, wa tano. Hakuwa mwanafunzi aliyeolewa. Alikuwa mtu wa fani aliyekutana na mtu wa fani.

Liu Xuan anaibeba tofauti hiyo kwa mwili wake kuliko kwa maneno yake. Waigizaji wengi wa TVB hufundishwa mikao michache kabla ya kamera kuwashwa, na jicho lililozoea linaona: mguu unatua kwa woga, bega linapanda, mhariri anakata picha kabla aibu haijaonekana. Mtu aliyekulia juu ya boriti yenye upana wa sentimeta 10 hana tatizo hilo. Akishuka kwenye mkao mpana wa farasi, ule ambao wanafunzi wa Hung huusimamia mpaka mapaja yatetemeke, kiuno kinashuka chote na shingo inabaki imenyooka. Kwenye mazungumzo ya hisia nzito anapungukiwa kidogo, uso unachelewa kufuata. Sikujali. Katika tamthilia ya mwanamke ambaye dunia haikumpa nafasi ya kusema mengi, mwili unaosema ukweli unatosha. David Chiang, nyota wa studio za Shaw katika miaka ya 1970, anamcheza Wong aliyezeeka, na nilipenda kwamba hakujaribu kuwa kijana. Anakaa. Anasikiliza. Uzito wake uko kwenye kukaa kule.

Wakati wenyewe umesaidia. Ni Canton ya miaka ya mwanzo ya Jamhuri, baada ya mfalme wa mwisho kuondoka mwaka 1912. Mikia ya nywele ya wanaume imekatwa, kufunga miguu ya wasichana kumepigwa marufuku kwenye karatasi lakini bado kuko majumbani, na katika vijiji vya hariri vya delta ya Mto Pearl kuna wanawake wanaojisuka nywele zao wenyewe kwa kiapo cha kutoolewa maisha yao yote, wakiishi kwa mshahara wao. Mwaka 1919 chama cha mafunzo ya ngumi cha Jingwu, kilichoanzishwa Shanghai mwaka 1910, kikafungua tawi mjini Canton na kuwapokea wanawake kwenye mazoezi. Kwa hiyo msichana anayepiga ngumi mbele ya watu hakuwa ndoto ya waandishi wa mwaka 2011. Walikuwapo. Ila hawakuandikwa kwenye vibao vya madhabahuni.

Na hapa nataka kusema neno kuhusu filamu za Jet Li, ambazo nazipenda na nitaendelea kuzipenda. Mwanamke anayesimama karibu na Wong Fei-hung mle ni Shangazi wa Kumi na Tatu, mwenye kofia ya Kizungu na kamera ya picha. Ni mhusika wa kubuni. Dunia nzima inamjua mpenzi wa Wong ambaye hakuwahi kuishi, na haimjui mke aliyemzika.

Maana ndiye aliyemzika. Oktoba 1924 jeshi la wafanyabiashara wa Canton lilipopambana na serikali ya Sun Yat-sen, mtaa wa Xiguan uliwaka moto na Po Chi Lam ikaungua humo. Mzee akafariki mwaka uliofuata, mali imekwisha. Mok alihamia Hong Kong katika miaka ya 1930, akafungua mahali pa kufundishia na kutibu Wan Chai, akaendelea mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1982. Ipo video ya miaka ya 1970 inayomwonyesha, bibi mwenye umri wa miaka themanini na zaidi, akipiga ngumi za mumewe mbele ya kamera za televisheni. Hana haraka. Kila mkono unakwenda pale unapotakiwa kwenda.

Yanayomtokea Mok si ajali ya nyumba moja. Foshan hiyo hiyo, kizazi kimoja nyuma, kulikuwa na Leung Jan, tabibu wa mitishamba na bingwa wa Wing Chun, mtindo mwingine wa ngumi za kusini. TVB imemtengenezea tamthilia pia, Real Kung Fu ya mwaka 2005, akiigizwa na Yuen Biao, ambaye alikuwa ameshamcheza mtu huyo huyo katika filamu ya Sammo Hung ya mwaka 1981. Leung alikuwa na duka la dawa na wana wawili, Leung Chun na Leung Bik, aliowafundisha nyumbani usiku, milango imefungwa. Nje ya duka alikuwa akikaa mbadilisha fedha mmoja, Chan Wah-shun. Inasimuliwa kwamba Chan alichungulia kwenye ufa wa mlango, usiku hadi usiku, mpaka akajua. Siku moja mzee hayupo, wana wakamwingiza ndani kwa mzaha wajaribishane. Chan alimsukuma Leung Chun akaangukia kiti cha baba yake, kiti kikavunjika mguu. Mzee aliporudi akakaa, kiti kikamwangusha, siri ikatoka.

Mwalimu angeweza kumfukuza. Alimpokea. Na leo, ukitafuta njia iliyopitisha Wing Chun kutoka Foshan ya karne ya 19 mpaka kwa Bruce Lee, njia kuu haipiti kwa wana wa Leung Jan. Inapita kwa yule mbadilisha fedha, maana ndiye aliyemfundisha Ip Man. Na Ip Man naye, aliyezaliwa mwaka 1893 na kuhamia Hong Kong mwaka 1949, aliwafundisha kwanza wafanyakazi wa mikahawa kupitia chama chao kuanzia 1950. Wanawe walimfikia mwaka 1962, mkubwa akiwa na umri wa miaka 38, wakamkuta ameshazungukwa na kizazi kizima cha wanafunzi. Wakaanza kujifunza baada ya wageni.

Mtu akitazama nyuma ya pazia, kwa waigizaji wenyewe, anaona jambo hilo hilo. Yuen Biao hakuzaliwa Yuen. Aliwekwa utotoni kwenye shule ya opera ya Beijing iliyokuwa Hong Kong, ya mwalimu Yu Jim-yuen, pamoja na Sammo Hung na Jackie Chan, na watoto wa pale walichukua silabi ya mwisho ya jina la mwalimu kuwa mwanzo wa jina lao la jukwaani. Gordon Liu naye, yule mwenye kipara wa filamu za Shaolin, hakuzaliwa kwenye ukoo wa Lau. Alikuwa mwanafunzi wa Lau Cham, akafanywa mwana wa kulelewa, akaitwa Lau Kar-fai sambamba na wana wa damu, Lau Kar-leung na Lau Kar-wing. Na Lau Cham alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing muuza nyama, na katika filamu za Kwan Tak-hing alimwigiza Lam Sai-wing, mwalimu wake mwenyewe. Kwa hiyo watazamaji wa Hong Kong walipokuwa wanaangalia hadithi ya familia ya kufundishwa, waliokuwa wanaiigiza walikuwa ndiyo familia hiyo. Sijui tasnia nyingine ya filamu ambayo urithi umekaa karibu hivyo na skrini.

Sasa lawama zangu.

Tamthilia hizi huanza vizuri, nyumbani. TVB inajua meza ya chakula kuliko kituo chochote ninachokijua. Hong Kong kuna msemo kwamba familia zinakula wali kwa mchuzi wa televisheni, maana tamthilia ya jioni ilirushwa watu wakiwa mezani, usiku tano kwa wiki. Ndiyo maana wahusika nao wanakula kila wakati: nani anaanza kuchukua samaki, nani anamwekea nani nyama bakulini, nani amekaa na bakuli tupu. Nyumba ya ngumi ya Kikantoni inafaa kabisa kwa macho ya aina hiyo. Ni shule, ni zahanati, ni kikundi cha ngoma ya simba, ni chama cha kuzikana. Mkono unaovunja mfupa asubuhi ndio unaouunga jioni, na chupa ya dawa ya kuchua imekaa karibu na mikuki. Mwalimu anaishi kwa ada ndogo, bahasha nyekundu za sikukuu na wagonjwa wenye kiuno kibovu. Ukimwonyesha mwalimu anahesabu sarafu za kodi ya pango huku wanafunzi ishirini wanamwita baba, tayari una tamthilia.

Lakini kuanzia katikati, woga unaingia. Panaletwa kitabu cha siri. Panaletwa jemadari katili na binti yake. Mwanafunzi mwaminifu anagundulika kuwa mtoto wa mtu fulani aliyeuawa zamani, na ghafla kila jambo linaelezwa kwa damu: alikuwa na kipaji kwa sababu ya babu yake, alisaliti kwa sababu ya baba yake. Kazi yote iliyofanywa sehemu kumi za mwanzo, ya kutuonyesha watu wasio na nasaba moja wakijenga nyumba kwa chai na jasho, inabomolewa kwa barua moja ya zamani iliyokutwa ndani ya sanduku. Tamthilia nyingi za ngumi nilizozitazama zimefia hapo, na zinakufa kwa kukana kile ambacho historia yake mwenyewe inakijua. Chan Wah-shun hakuwa mtoto wa siri wa Leung Jan. Alikuwa mtu wa sokoni aliyechungulia.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Familia ya kufundishwa ina upande wake wa giza, na tamthilia huupaka sukari. Watoto wa shule ya Yu Jim-yuen walipigwa viboko, waliamka alfajiri, walisaini au walisainiwa mikataba ya miaka mingi, na malipo ya maonyesho yao yalikwenda kwa mwalimu. Jackie Chan ameyaeleza hayo mwenyewe. Mwanafunzi wa nyumba ya ngumi alifagia, alibeba maji, alimsugua mwalimu mgongo miaka miwili kabla ya kuonyeshwa ngumi ya kwanza ya maana. Na walimu wengi walikuwa na desturi ya kuficha mbinu ya mwisho, asije mwanafunzi akawageuka. Kila kizazi kikificha moja, baada ya vizazi vitano kinachobaki ni ganda. Mwalimu wa kwenye tamthilia akiwa mkali, muziki unatuambia kwamba ni upendo. Mara nyingine ulikuwa upendo. Mara nyingine ulikuwa kumtumikisha mtoto wa maskini. Mtunzi mwenye heshima kwa mtazamaji angetuachia tuamue.

Kwetu Afrika Mashariki tumelipokea jambo hili likiwa limekatwa vipande viwili. Ngumi tulizipata kutoka Hong Kong, kwenye kumbi za sinema na baadaye vibanda umiza, ambako Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya walitusimulia kwa Kiswahili chenye moto mpaka mtu asiyeona skrini aliweza kufuata. Nawashukuru kwa dhati. Lakini biashara ya kibanda ilitaka mapigano: steringi apigwe mwanzoni, afunzwe katikati, alipize mwisho. Sehemu ya chai ilikuwa ya kwenda msalani, na msimuliaji aliifunika kwa hadithi yake ili watu wasinung'unike. Familia, kwa upande mwingine, tuliipata kutoka Beijing. Mwaka huo huo wa 2011 ambao Hong Kong ilikuwa inamtazama Mok Kwai-lan, TBC ilianza kurusha tamthilia ya Mao Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Kwa hiyo tunayo China ya mama mkwe isiyo na ngumi, na China ya ngumi isiyo na mama mkwe. Mtu anayeijua moja anadhani ya pili ni nchi nyingine.

Tamthilia kama Grace Under Fire zinaviunganisha vipande hivyo, na naamini mtazamaji wa Tanga au Mombasa angezielewa haraka kuliko Mzungu wa London anayezitafutia vifungo vya falsafa. Sisi tunajua nyumba ambamo fani inaishi. Mganga anayeugua anamwita mpwa mmoja kati ya saba na kumkabidhi mkoba, na wale sita wanaondoka na kinyongo cha maisha. Fundi wa majahazi ana mwana anayetaka kazi ya ofisini na mtoto wa jirani asiyebanduka karibu yake tangu ana miaka tisa. Maswali ya Po Chi Lam tumeyaishi. Tatizo ni kwamba tamthilia za Kikantoni hazijatafsiriwa kwa Kiswahili kwa uangalifu uliopewa Doudou. Anayezitazama anategemea maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na maandishi hayo yanamwita kila mtu kwa jina lake tupu. Mwanamke anayesema "mke wa mwalimu wangu" kwa heshima ya mama anaandikiwa "Mok". Kiswahili kingeweza kubeba uzito huo bila shida, kwa sababu nasi hatumwiti mama wa watu kwa jina lake.

Kingine tunachokipoteza ni mrithi mwenyewe kuwa mwanamke. Katika mapokezi yetu ya filamu za ngumi, mwanamke alikuwa wa kutekwa ili steringi apate sababu. Wasichana wachache waliojiunga na klabu za ngumi za mitaani walichekwa. Nadhani Mok Kwai-lan, akionekana kwa Kiswahili, akisema kwa sauti ya bibi anayejua kazi yake, angekuwa na wafuasi wengi huku. Si kwa sababu ni mke wa nani. Kwa sababu wanaume wa nyumba ile walipokwisha, mwingine kwa bunduki na mwingine kwa uzee, na duka likaungua, yeye alikuwa bado anajua kila mkao na kila dawa, na akafungua mlango akafundisha.

Ningependa TVB, au studio yoyote yenye moyo, itengeneze sehemu ya maisha yake ambayo tamthilia nyingi zinaona haina mvuto. Waanzie Hong Kong ya miaka ya 1930, mjane akiwa na watoto wa mume na deni. Watuonyeshe chumba cha Wan Chai, kodi ya kila mwezi, mvua ya kiangazi inayoingia dirishani. Watuonyeshe makuli wa bandarini wanaoleta mabega yaliyoteguka, na jinsi anavyowatibu na kuwatoza nusu. Wamuonyeshe kwenye ukumbi wa sinema baada ya 1949, amekaa gizani kati ya watu wasiomjua, anamwangalia Kwan Tak-hing akijiita jina la mumewe. Walete mwanafunzi wa kiume anayeona aibu kumpigia magoti mwanamke, na wakae naye mpaka apige. Kitabu cha siri wakiache. Jemadari katili wamwache. Na wanafunzi wake waliokuwa hai na kufundisha baada ya 1982 wawape majina yao kwenye maandishi ya mwisho, mmoja mmoja, wanawake kwa wanaume.